Kabla ya kuingia, tafuta mlango wa kutokea

Ilikuwa saa saba za usiku nilipobonyeza kitufe cha kutoa video. Mahafali ya mdogo wangu, dakika 12, kazi ya jioni tatu. Nilikuwa nimekata hotuba ndefu, nimepunguza sauti ya upepo uliovuma kwenye maikrofoni, na nimeweka jina lake mwanzoni kwa herufi nilizozichagua kwa nusu saa nzima. Programu ilikuwa ya bure. Tangazo lilisema bure, ukurasa wa kupakua ulisema bure, na kwa jioni zote tatu haikunidai hata senti. Video ilipotoka, nembo ya programu ilikuwa imekaa katikati ya skrini, juu ya uso wa mdogo wangu, kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Pembeni kikatokea kidirisha: lipa, nembo iondoke.

Sikulipa. Nisijisifu kwamba ulikuwa msimamo. Zilikuwa hasira tu, na usingizi. Niliituma kwa familia hivyo hivyo, na nembo yake.

Tangu usiku ule nina kipimo kimoja cha programu ya kuhariri video za nyumbani, nacho hakihusu vikorombwezo ilivyo navyo. Natazama inavyokuacha utoke. Programu nyingi za bure hazidai chochote mlangoni unapoingia. Bei imebandikwa kwenye mlango wa kutokea, na unaisoma ukiwa tayari umebeba mzigo kichwani. Kuna zinazokupiga nembo, kuna zinazokutolea video yenye ukungu mpaka ununue toleo kamili, na kuna zinazokuachia uhariri kwa athari (manjonjo ya picha) nzuri nzuri kisha mwishoni zikakuambia kwamba tatu kati ya hizo ni za wanaolipa.

Wahalifu nao wanaujua mlango huo. Windows Movie Maker, programu ambayo wengi wetu tulijifunzia, ilikuja na Windows Me mwaka 2000, na Microsoft wakaacha kuitoa tarehe 10 Januari 2017. Watu waliendelea kuitafuta. Mwezi Novemba mwaka huo huo kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilitoa tahadhari kuhusu tovuti iliyokuwa inapanda juu kwenye matokeo ya utafutaji, ikigawa Movie Maker iliyochezewa. Ilifanya kazi vizuri tu: unaingiza klipu, unakata, unapanga. Ukitaka kuhifadhi kazi yako, ikadai karibu dola 30. Programu ambayo Microsoft wenyewe walikuwa wakiigawa bure! Walioiba hawakugusa kitu kingine ila kufunga mlango na kukaa na ufunguo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa dakika 10, na haujali unatumia programu gani. Kabla hujaanza kazi yoyote ya maana, chukua klipu mbili fupi za kipuuzi, hata za miguu yako ukitembea. Zikate, ziunganishe, weka maandishi, weka athari moja unayoipenda, halafu itoe video. Itazame mpaka mwisho. Je, ina nembo? Ukubwa wake ni nukta 1920 kwa 1080 kama ulivyorekodi, au imepunguzwa? Umelazimishwa kufungua akaunti? Faili iko kwenye kompyuta yako, au unapewa kiungo tu? Ukipata jibu usilolipenda, umepoteza dakika 10. Mimi nilipoteza jioni tatu.

Swali la pili: nani analipia hiki cha bure? Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na programu ya video si kitu kinachotengenezwa kwa wikiendi moja. Jibu likieleweka, tulia. iMovie ni ya bure kwa sababu Apple wameshakuuzia simu au kompyuta. DaVinci Resolve ina toleo la bure kwa sababu Blackmagic Design, kampuni ya Australia iliyoinunua mwaka 2009, inauza kamera na mitambo ya studio, na inatamani fundi aliyezoea programu yake siku moja anunue na mitambo hiyo. Shotcut na Kdenlive ni programu huria: msimbo wake uko wazi, watu wanachangia kazi na fedha, na hata wakuu wa mradi wakichoka kesho, nakala uliyonayo haizimwi na mtu. Jibu lisipoeleweka, yaani programu ni nzuri mno, ni ya bure, na hujui mwenyewe ni nani wala anakula nini, hapo ndipo mtu huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nitasema wazi ninachopenda mimi. Kwa mtu wa nyumbani mwenye kompyuta ya kawaida, nampa Shotcut. Haina sura ya kuvutia. Ukiifungua mara ya kwanza unaona kama chumba kisicho na samani, na itakubidi ufungue mwenyewe vidirisha vya mstari wa muda, unapopanga klipu, na vya vichujio, unapoweka athari. Rafiki yangu mmoja aliifuta baada ya dakika tano, na simlaumu. Lakini inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, haina akaunti, haina nembo, haina toleo la wanaolipa linalokuchungulia kila kona. Kdenlive ni ndugu yake, zote zimejengwa juu ya injini moja iitwayo MLT, ila Kdenlive ina vyombo vingi zaidi na mpangilio unaofanana na programu za kulipia. Ukiona Shotcut imekubana, hamia huko.

Mwenye Mac aanze na iMovie na asihangaike. Mwenye Windows 11 ana Clipchamp tayari, ambayo Microsoft waliinunua mwaka 2021. Inataka akaunti, lakini inatoa video ya 1080 bila nembo mradi usiguse picha na muziki wa kulipia. Kwa video ya dakika mbili ya kutuma kwenye kikundi cha familia, inatosha kabisa.

Resolve je? Hapa nitagombana na watu. Kila anayeuliza programu ya bure huambiwa "chukua Resolve," na ni kweli kwamba hakuna cha bure kinachoikaribia. Mitambo ya da Vinci ya kurekebisha rangi za filamu, ambako Resolve ilitoka, iliwahi kuuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola; leo unaipakua bila kulipa, na toleo la kulipia, liitwalo Studio, ni dola 295 unazolipa mara moja. Toleo la bure halipigi nembo usipogusa vitu vya Studio. Lakini Blackmagic wenyewe wanapendekeza kumbukumbu ya kompyuta (RAM) ya GB 16, na 32 ukitaka Fusion, sehemu ya kutengenezea athari, na inataka kadi ya michoro yenye nguvu. Ina kurasa kadhaa za kazi tofauti, kila moja ni kama programu kamili. Kumpa mtu anayetaka kuunganisha klipu nne za siku ya kuzaliwa ni kumkabidhi lori aende nalo sokoni kununua nyanya. Atafika, ndiyo. Ila atajifunza kwanza kuendesha lori.

CapCut ni habari nyingine. Kwenye simu sijaona inayoishinda kwa urahisi, na maandishi yake ya kujiandika kutokana na sauti ni mazuri. Lakini ni mali ya ByteDance, waanzilishi wa TikTok, na mwezi Januari 2025 sheria ya Marekani ilipoikaba TikTok, CapCut nayo ilizimika huko pamoja nayo. Watu walilala wakiwa na kazi nusu nusu, wakaamka programu haifunguki. Ilirudi baadaye, lakini fikiria miradi ya miaka mitatu iliyokuwa humo. Mimi naitumia kwa vijivideo vya kupita. Harusi siiweki humo.

Sasa tuje kwenye jambo linalowafanya wengi waitukane programu ambayo haina kosa. Kompyuta inakwama, picha inarukaruka, na ukikata mahali fulani sauti na midomo havikutani. Unafuta programu, unapakua nyingine, hali ni ile ile. Tatizo limeanzia kwenye simu.

Video ya simu imebanwa sana. Kati ya picha 30 za kila sekunde, ni chache tu zilizohifadhiwa nzima, zilizobaki zimeandikwa kwa mtindo wa "kama iliyotangulia, isipokuwa hapa na hapa." Ndiyo maana klipu ndefu inaingia kwenye simu. Kuitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho ni rahisi, kwa sababu mashine inajumlisha mabadiliko kwa mpangilio. Kuhariri si hivyo. Unaruka huku, unarudi kule, na kila unapotua katikati, kompyuta inalazimika kurudi hadi picha nzima iliyo karibu na kuanza kujumlisha upya. Mbano wa HEVC, ambao iPhone hutumia tangu iOS 11 ya mwaka 2017, unaokoa nafasi zaidi na unaichosha mashine zaidi. Ukiongeza 4K, kila picha ina nukta mara nne ya 1080. Kwa makadirio ya Apple wenyewe kwenye mipangilio ya kamera, dakika moja ya 4K kwa picha 30 inakula nafasi karibu mara tatu ya ile ya 1080.

Dawa ziko mbili na zote ni za bure. Ya kwanza ni kurekodi kwa 1080 kama huna sababu ya 4K. Video za nyumbani nyingi hutazamwa kwenye skrini ya simu, na hapo hakuna atakayeona tofauti. Ya pili ni nakala nyepesi, wenyewe huziita proksi: programu inatengeneza nakala ndogo ya kila klipu, unahariri nakala, na wakati wa kutoa video inarudi yenyewe kwenye klipu halisi. Shotcut, Kdenlive na Resolve zote zinazo. Kompyuta ya zamani iliyokuwa inalia kwa 4K itatulia ghafla, na utashangaa kwa nini hakuna aliyekuambia mapema.

Sauti kuachana na midomo ni mkasa mwingine. Simu nyingi hazirekodi kwa mwendo mmoja; gizani au ikipata joto simu hupunguza idadi ya picha kwa sekunde, kisha ikaongeza tena. Programu ya kuhariri inataka mwendo usiobadilika. Shotcut ikiona klipu ya namna hiyo hukuuliza kama uigeuze kwanza, kubali. Kama unatumia programu isiyouliza, pitisha klipu kwenye HandBrake, nayo ni ya bure, na uchague mwendo thabiti wa picha. Na kama kazi yako ni kukata tu mwanzo na mwisho, huhitaji kuhariri kabisa: LosslessCut inakata bila kubana upya, kwa sekunde chache, na ubora unabaki ule ule. Kasoro yake ni kwamba hukata vizuri kwenye zile picha nzima, kwa hiyo usitarajie usahihi wa unywele.

Kuhusu kulipa, sina ugomvi nako. Nina ugomvi na kulipa kila mwezi kwa kitu unachokigusa mara nne kwa mwaka. Adobe walipogeukia usajili mwaka 2013 walikuwa na wateja wanaokula kwa kazi hiyo, na kwao hesabu inaweza kukubali. Hata Premiere Elements, ambayo ilikuwa kimbilio la watu wa nyumbani kwa kuwa unanunua ukamaliza, kuanzia toleo la 2025 leseni yake ni ya miaka mitatu. Ukitaka kulipa, lipia kitu kitakachobaki chako. Na za wizi zilizovunjwa kufuli achana nazo. Yule aliyevunja kufuli ya programu anajua pia ya kompyuta yako.

Kuna jambo moja niligundua nikiwa nimechelewa. Faili ya mradi kwa kawaida haibebi video zako. Ni maelezo tu: chukua klipu ile iliyo kwenye folda ile, anza sekunde ya tisa, komea ya 14. Ukihamisha folda au ukifuta klipu kwenye simu ukidhani "ziko kwenye mradi," unafungua na kukuta mistari mitupu. Weka kila kitu kwenye folda moja kabla hujaanza: klipu, muziki, picha, mradi. Ukimaliza, nakili folda nzima kwenye diski ya nje. Mradi wa Shotcut au Kdenlive ni maandishi matupu, unaweza kuufungua hata kwa programu ya kuandikia na kusoma majina ya klipu zako. Ile programu iliyonipiga nembo, mradi wake sikuweza kuufungua tena nilipoiondoa, wala hakuna programu nyingine iliyoutambua.

Klipu zenyewe nilikuwa nazo bado. Mwaka uliofuata niliyahariri upya mahafali yale kwa Shotcut, jioni moja tu, kwa kuwa nilishajua pa kukata. Safi, bila nembo, sauti imekaa. Nilimpelekea mama nikiwa na furaha ya mtu aliyelipa deni. Alitazama, akasifu, akarudi kwenye ile ya zamani. Anasema ndiyo aliyoizoea, na kwamba ile nembo alidhani ni ya chuo.