Ufagio Si wa Kugongea Dari

Mtu anayetafuta fleti hukagua kila kitu isipokuwa sauti. Atafungua bomba aone nguvu ya maji, atawasha na kuzima taa, atachungulia kabati za jikoni, atapima kwa macho kitanda kitakaa wapi. Na yote hayo atayafanya saa tano asubuhi, siku ya kazi, jengo likiwa tupu. Watoto wako shule, wakubwa wako kazini, na yule mwenye spika kubwa amelala fofofo maana usiku ndio mchana wake. Dalali anakwambia hapa pametulia, na kwa saa hiyo hasemi uongo. Unalipa, unahamia, unapanga vyombo, unazima taa ulale. Hapo ndipo jengo linapojitambulisha.

Ndiyo maana mtu akiniuliza ushauri kabla ya kuhama humwambia arudi kuiona ile nyumba saa tatu usiku, na ikiwezekana mwisho wa wiki. Asimame katikati ya chumba cha kulala, anyamaze, asikilize. Dalali atanung'unika. Mwache anung'unike, yeye halali humo.

Lakini wengi wetu tunasoma mambo haya tukiwa tumeshahamia, mkataba umesainiwa, na juu ya dari kuna mtu anayetembea kwa visigino kana kwamba ana ugomvi na sakafu. Kwa hiyo niseme ninaloliamini: kelele nyingi tunazowabebesha majirani ni makosa ya jengo, na kinachotukondesha zaidi si ukubwa wa kelele bali kutokuwa na la kufanya juu yake. Ukilielewa hilo, utaacha kugonga dari kwa mpini wa ufagio na utatafuta njia nyingine.

Tuanze na jengo. Sauti hukufikia kwa njia mbili. Ya kwanza hupita hewani: mazungumzo, televisheni, mtoto anayelia. Hii huzuiwa na uzito wa ukuta na huvuja penye upenyo, kama vile chini ya mlango au kwenye tundu la bomba lisilozibwa vizuri. Ya pili huanzia kwenye jengo lenyewe: kisigino kinapogonga sakafu, kiti kinapoburuzwa, mlango unapobamizwa. Hapo zege lenyewe ndilo linalotetemeka, na mtetemo huo unasafiri kwenye kuta na nguzo hadi kwako. Ndiyo maana wakati mwingine unaapa kelele inatoka juu kumbe inatoka pembeni, au ghorofa mbili chini. Nimeshuhudia watu wakinuniana miezi kwa sababu ya mashine ya kufulia ambayo haikuwa ya yeyote kati yao.

Mjenzi angeweza kuweka tabaka laini kati ya zege na vigae. Hakuweka, kwa kuwa tabaka hilo halionekani na linagharimu pesa. Vigae vinavyong'aa vinaonekana, kwa hiyo hivyo aliviweka. Sasa mpangaji wa juu anatembea kwenda chooni usiku, hatua za kawaida kabisa za binadamu mwenye miguu miwili, na wewe huku chini unamwita mshenzi.

Besi ndiyo kiboko. Sauti nzito ya mizunguko 50 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa karibu mita 7, na ukuta wa kawaida wa ndani kwake ni kama haupo. Ndiyo sababu muziki wa jirani hukufikia kama dudu-dudu tupu, bila maneno wala kinanda, hata wimbo wenyewe huutambui. Na zile sponji zenye matutamatuta zinazotangazwa kila mahali, ambazo watu hubandika ukutani wakidhani wamejenga studio? Zinapunguza mwangwi ndani ya chumba chako. Kelele ya jirani hazizuii, maana sponji haina uzito. Pesa hiyo nunua zulia nene, tena ukiweza umzawadie wa juu, kwa kuwa zulia huzuia kelele za hatua pale zinapoanzia. Ukilitandika kwako atafaidi aliye chini yako.

Wenye uwezo kutuzidi walishajaribu kununua ukimya, na hawakuupata. Thomas Carlyle, mwandishi aliyeishi London, alichoshwa na majogoo na piano za majirani hadi mwaka 1853 akaanza kujengewa chumba juu ya paa kilichokusudiwa kutoingiza sauti. Chumba kilikwisha, na kikawa kinapokea kelele za mbali ambazo awali hakuwa akizisikia. Marcel Proust naye, kule Paris, alifunika kuta za chumba chake cha kulala kwa magamba ya koki, lile gome laini la kutengenezea vizibo vya chupa, mwaka 1910. Juu yake alipanga daktari wa meno Mmarekani, na koki haikutosha. Mwandishi mzima, hodari wa sentensi ndefu kuliko wote, akawa anaandika barua za adabu kwa mke wa daktari, akiomba makasha yao yapigiliwe misumari jioni hiyo, au kama ni kesho basi kuanzia saa kumi alasiri. Mimi barua hizo zinanipendeza kuliko koki. Mtu amekubali kwamba kelele ipo, kilichobaki ni kupatana saa.

Kupatana saa kuna nguvu kuliko tunavyodhani. Wanasaikolojia David Glass na Jerome Singer wa Marekani walichapisha mwaka 1972 majaribio yao ya kuwapigia watu kelele za ghafla, zisizotabirika, huku wakifanya kazi. Baadhi walipewa kitufe wakaambiwa wanaweza kuikata kelele wakizidiwa, ila ingefaa wasikibonyeze. Wengi hawakukigusa. Walisikia kelele ileile, kwa ukubwa uleule. Lakini walipopewa kazi nyingine baadaye, wenye kitufe walivumilia mafumbo magumu kwa muda mrefu zaidi na walifanya makosa machache katika kusahihisha maandishi. Kujua tu kwamba unaweza kuinyamazisha kunapunguza madhara yake.

Sasa fikiria mpangaji mpya. Hamjui mtu, hajui kelele itaanza lini wala itakoma lini, hajui hata nani anaipiga. Huyo hana kitufe. Mpangaji wa zamani aliye mlango wa pili anasikia yaleyale na analala, na si kwamba masikio yake yamekufa. Anajua ni mtoto wa fulani, anajua saa nne ataitwa akalale, na anajua akizidiwa atamgongea mama yake na watasikilizana.

Kwangu ilikuwa kiti. Juu ya chumba changu kulikuwa na kiti kilichoburuzwa kila alfajiri, mburuzo mmoja mrefu wa kuingia mezani na mwingine wa kutoka, na kati yake kimya ambacho kilikuwa kibaya kuliko mburuzo wenyewe, kwa sababu nilikuwa macho nikisubiri wa pili. Kichwani nilishamchora mtu huyo: kijana, mjeuri, ananifanyia makusudi. Nilipopanda kujitambulisha, mlango ulifunguliwa na bibi mmoja aliyevaa miwani minene.

"Shikamoo mama. Mimi ni mpangaji mpya wa hapa chini."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu ndani. Umeshazoea?"

Nikamwambia naendelea kuzoea, na kwamba nadhani tunaamka wakati uleule, maana nakisikia kiti chake. Akageuka akakitazama kiti kana kwamba kimemsaliti. "Hicho? Kinasikika huko?" Alikuwa akikaa pale kusoma kabla nyumba haijaamka, na alikuwa akijitahidi asiwaamshe wajukuu, kwa hiyo alikiburuza polepole. Ule upole ndio uliorefusha ule mburuzo. Siku chache baadaye nilimpelekea vile viduara vya kitambaa kizito vyenye gundi, tukavibandika chini ya miguu ya kiti. Mburuzo ukaisha. Wajukuu wanaendelea kukimbia jioni hadi taa yangu inatikisika, na hainisumbui hata chembe, kwa sababu sasa nawajua na najua wanalala saa ngapi. Lawama iliyobaki mjenzi ndiye anayeistahili.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayehamia ni kwenda kujitambulisha juu, chini na pembeni kabla hujawa na malalamiko. Tena kabla kabisa. Ukienda mara ya kwanza ukiwa na hasira, wewe milele ni yule wa chini anayelalamika. Ukienda kusalimia tu, siku ya shida unakuwa fulani, jirani yetu. Na ukifika kwenye shida, taja kitu na saa. "Mna kelele sana" ni tusi, nalo hujibiwa kwa tusi. "Spika ikiwa sakafuni inatetemesha kitanda changu, unaweza kuipandisha kwenye meza na kupunguza besi ikifika saa nne?" ni ombi ambalo mtu anaweza kulitimiza bila kujiona ameshindwa.

Usilipeleke kwenye kundi la WhatsApp la jengo. Najua linavutia, unaandika "baadhi ya watu hapa hawana ustaarabu" na kuweka simu chini ukiwa umetua mzigo. Watano watajiona wametajwa, na mhusika hatajiona kabisa.

Vizibo vya masikio vinasaidia kwa mazungumzo na televisheni, kwa besi kidogo tu. Feni ya kawaida mimi naithamini kuliko vifaa vingi vya bei: mngurumo wake usiobadilika unafunika zile sauti za ghafla ambazo ndizo zinazoamsha. Kinachouma katika usiku ni tofauti kati ya kimya na mlio. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilitaja kikomo cha desibeli 30, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa sauti ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala na 45 kwa mlio mmojammoja, na tofauti hiyo ya 15 ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, kwani kila desibeli 10 zinazoongezeka sikio huzihisi karibu kama maradufu. Na wale wanaojivuna kwamba wameshazoea kulala popote, akili ndiyo iliyozoea. Moyo wa mtu aliyelala huendelea kushtuka kwa kelele hata asubuhi asipokumbuka lolote, kwa hiyo kuzoea nako kuna bei yake.

Kuna jirani asiyesikia la mtu, sitaki kujifanya hayupo. Umemsalimia, umemwomba, umemletea na zulia, na muziki bado unapigwa hadi usiku wa manane. Kwa huyo andika: tarehe, saa ilipoanza, saa ilipokoma, kelele ya nini. Kisha mpelekee msimamizi wa jengo au mwenye nyumba kwa maandishi, ukiwa na majirani wengine kama wanakubali kuweka majina yao. Malalamiko ya mdomo hupotea njiani, lakini ukurasa wenye tarehe huwa mgumu kuutupa. Soma pia mkataba wako, mara nyingi saa za utulivu zimeandikwa humo na hakuna aliyewahi kuzisoma. Nchini Ujerumani saa za usiku, kwa kawaida kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, zinajulikana na kila mpangaji, na hakuna anayekuona mkorofi ukizitaja. Kwingine itabidi uzitaje kwa ukali kidogo. Na ikishindikana, anza kutafuta kwingine ukiwa bado na akili ya kuchagua, usingoje hadi uhame kwa hasira uangukie pabaya zaidi.

Jambo moja halimo katika yote haya. Ukuta mwembamba unaopitisha kicheko na televisheni unapitisha pia kipigo. Mtu anapolia akiomba aachwe, vitu vinavunjika, na mtoto anapiga mayowe, hiyo si kelele ya kutafutia vizibo wala ya kuandika kwenye daftari. Watu huongeza sauti ya feni na kusema ni mambo ya ndani ya mtu. Kama unamjua kwa jina, utajua pia kama hicho ni kicheko au kilio. Usiingie peke yako kuamua ugomvi, unaweza kuumia na ukamponza zaidi. Piga simu polisi au namba ya dharura, waite majirani wengine mkagonge mlango kwa pamoja, na kesho yake mtafute akiwa peke yake umuulize anahitaji nini.