Sikulewa, Niliuma Ua

Sikulewa. Naanzia hapo kwa sababu najua video yangu kwenye posa ya rafiki yangu imeshawafikia, na najua aliyeirusha ameandika chini yake "mshenga kaja bwii". Bwii ya nini, jamani? Mimi soda ya tangawizi tu inanipandishia kiungulia. Nyie mnaonifuata kwa ajili ya mani planti na makopo ya maji dirishani, someni kwanza hapa, halafu mkitaka kuendelea kuirusha, rusheni. Naandika badala ya kurekodi kwa sababu upande mmoja wa ulimi bado una ganzi, na nikisema "salama" kinatoka kitu kingine.

Aliyeniharibia ni difenbakia. Wadau wa siku nyingi mnaikumbuka. Niliinunua kwenye vitalu vya kando ya barabara kule Mikocheni, ua limenona, majani mapana yenye mabaka meupe kutoka shingoni mpaka kwenye udongo. Nikaliweka kona ya tivii. Kona ile haijawahi kuonana na jua tangu nyumba ijengwe, lakini ilikuwa tupu na mimi nilikuwa na ua. Likaanza kurefuka kulifuata dirisha. Jani la chini likageuka njano, likadondoka, la juu yake likafuata, mpaka nikabaki na jiti refu lenye kishungi kileleni, limepinda kama jirani anayechungulia ugomvi wa watu. Usiku lilikuwa linaanguka lenyewe. Mama alipokuja kunitembelea alilizunguka, akaniuliza kama huwa nalilisha.

Dawa yake nilikuwa naijua. Shina likishakuwa uchi namna ile halirudishi majani kwa kubembelezwa, unalipogoa. Ncha ya juu ndiyo inayoyalaza macho ya pembeni, vile vinundu vya kuchipulia kwenye shina, inateremsha homoni ya kuyazuia yasichipue. Ukiiondoa, macho ya chini yanaamka na kisiki kinatoa machipukizi. Ncha yenyewe unaipanda. Shina la katikati unalikata pingili pingili, kila pingili iwe na jicho walau moja, unaziacha kivulini mpaka vidonda vikauke, kisha unazilaza kwenye udongo wenye mchanga mwingi. Mliokulia kwenye mashamba ya muhogo mnaona sijasema jipya.

Na kiburi nilikuwa nacho. Ile mani planti yangu ilikuwa imetambaa mpaka juu ya pazia, kamba tupu na vijani mwishoni. Nikaikata chini kidogo ya vifundo, pale penye kidoti cha kahawia, nikavitia vipande majini, nikawa nabadilisha maji, mizizi ikatoka mirefu ya kupendeza. Vile nilivyokata katikati bila kifundo vilioza vikanuka, na picha zake sikuwawekea. Mkaanza kuniita daktari wa maua. Nikaitika.

Sasa Jumamosi. Rafiki yangu, tumwite Bwana Posa kwa heshima iliyobaki kati yetu, alikuwa anapeleka posa Kigamboni, na mshenga ni mimi. Nilichaguliwa kwa sababu ya mdomo. Hotuba nilikuwa nayo kichwani wiki nzima, ile ya kizamani ambayo wazee wanaipenda: tulikuwa tunapita, tukaona kwenye bustani yenu kuna ua, tumelipenda, tumekuja kumuuliza mwenye bustani kama linachumika. Ndiyo. Ua. Msicheke bado.

Gari lilikuwa linipitie Tabata saa mbili asubuhi. Saa tatu nimeshavaa kanzu na kofia, nimejipulizia, gari hamna. Nikawa nazunguka sebuleni nafanya mazoezi, na msikilizaji wangu pekee ni lile jiti. Kila nikifika kwenye "tumelipenda" naliangalia, naona aibu kwa niaba ya bustani zote za mji huu. Nikasema dakika kumi zinatosha.

Mkasi nikaufuta kwa spiriti kwanza, maana mkasi mchafu unahamisha ugonjwa kutoka ua hadi ua, daktari wenu anajua kazi. Kifuniko cha chupa kikanichomoka, spiriti ikaumwagikia mkono wa kanzu. Nikaupuliza, nikaona umekauka. Huo mkono wa kanzu uwekeni akilini.

Tuende taratibu, maana hapa ndipo mnaponiuliza wote, "Sasa uliliumaje ua?"

Mkono wa kushoto umeshika shina lisiangukie tivii. Wa kulia una mkasi. Nikakata. Kishungi kikabaki kinaning'inia kwa ganda, nikamalizia, nikakidaka kwa vidole viwili vya mkono ule ule wenye mkasi. Hapo hapo simu ikaita mfukoni na honi ikalia nje. Msafara uko getini. Nikiachia shina, tivii imekwenda. Nikiachia mkasi, unatua mguuni, na niko peku. Kishungi kinateleza, utomvu unatiririka. Nikaukagua mwili wangu wote nikaona kiungo kimoja tu ndicho hakina kazi.

Nikakibana kishungi kwa meno. Pale pale kwenye mkato. Vidole vikapata nafasi, nikavuta simu, nikapokea, nikasema, "Mm."

Ladha ilikuwa ya majani mabichi, basi. Nikaweka kila kitu chini kwa utulivu, nikajisifu. Halafu ncha ya ulimi ikaanza kuwasha. Ikawasha, ikachoma, na kufumba na kufumbua sikujua tena ulimi unaishia wapi na shavu linaanzia wapi. Nikakimbilia bombani, nikasukutua, nikasukutua tena, honi inalia, nikajiambia itapoa njiani.

Haikupoa njiani. Barabara ya Mandela mnaijua: Buguruni tumesimama, Tazara tumesimama, Uhasibu tumesimama, na kila tuliposimama ulimi uliongezeka. Kwenye Noah nilikaa mbele, nimeuma leso. Mjomba wa Bwana Posa akawaambia wa nyuma, "Mwacheni mshenga, anajipanga." Wakanyamaza wote kwa adabu. Nikamwandikia Bwana Posa, aliyekuwa gari la pili, "Ulimi umevimba, siwezi kuongea." Akanijibu kwa vikatuni vya kucheka na maneno haya: "Acha woga, wewe ndiye mdomo wetu." Tulipolivuka daraja la Kigamboni, mdomo wangu wa chini ulikuwa umeshanitangulia.

Sebule imetandikwa mikeka, ukoo wao upande huu, sisi upande ule, katikati sinia lenye barua ya posa iliyofunikwa kwa kitambaa cha lesi. Msemaji wao, mzee wa ndevu nyeupe na fimbo, akatukaribisha kwa maneno matamu, marefu, yaliyopangika. Nikawa namwombea asimalize. Akamaliza. "Haya, wageni wetu. Mnapita tu, au mna la kusema?"

Macho yote kwangu.

Nikasogea kwa magoti mpaka kwenye sinia. Nikavuta pumzi. Nilichotaka kusema ni "Wazee wetu, tulikuwa tunapita." Kilichotoka ni "Wajhee wechu, chuyikuwa chunapicha."

Kimya. Mjomba akakohoa kunisitiri. Mimi nikadhani tatizo ni sauti, nikaiongeza. Ulimi ukatoka kufanya kazi na ukakataa kurudi. Hapo nikauona udenda. Nataka mnielewe kwamba niliuona, kwa sababu ulikuwa mrefu na haukuwa na haraka. Ulishuka kidevuni, ukasimama kwenye ncha ya kidevu ukifikiria. Nikajaribu kuufyonza, lakini mdomo ulikuwa hauna habari na mimi tena. Ukaachia. Ukatua juu ya barua ya posa. Mnajua kitambaa cha lesi kina matundu.

Na katika hotuba nzima, neno moja tu ndilo lilikuwa linatoka safi, lile ambalo halihitaji ulimi. Kwa hiyo walichosikia watu wa watu ni mgeni anaunguruma, anatoa udenda, na kila baada ya mngurumo anatamka wazi kabisa, "Ua!" Mimi nikaona angalau hilo wanalipata, nikalisisitiza. "Ua! Ua!" Mtoto mmoja nyuma akamuuliza mama yake, "Amuue nani?"

Ndipo shangazi wa binti, mama mtu mzima mwenye miwani, akasogea anitazame vizuri. Akavuta pumzi puani. Mkono wa kanzu, ndugu zangu. Spiriti, na joto la Dar es Salaam. (Aliyeandika kwenye maoni kwamba "spiriti nayo ni pombe", nimekuona.) Shangazi akamgeukia msemaji wao, akasema polepole, "Kaka, huyu ametoka kunywa."

Video inaanzia hapa. Yote ya nyuma, yanayonitetea, hayakurekodiwa.

Nikatikisa kichwa kukataa. Siwashauri: kichwa cha mtu aliyevimba mdomo kikitikiswa kinarusha vitu, na mstari wa mbele walikaa wazee. Msemaji wao akashika fimbo. Bwana Posa alikuwa anasoma dari. Nikatoa simu, mikono inatetemeka, nikatafuta picha ya "kabla" niliyopiga asubuhi kwa ajili yenu, nikamwonyesha shangazi ua, nikaonyesha mdomo wangu, kisha nikauma hewa. Nikaiuma tena ili aelewe.

"Mwanangu," akasema, "hebu toa ulimi."

Nikautoa, mbele ya koo mbili. Wakasogea kuuona, hata wale waliokuwa wamenikasirikia.

"Ua hili umelila?"

Nikakataa. Nikaonyesha kwa vidole: sikulila, nililishika.

"Kwa meno?"

Nikainamisha kichwa.

"We mtoto! Hujui hili ni ndugu yake gimbi? Gimbi bichi unaliuma?" Akanyoosha kidole nyuma ya mlango wao. Difenbakia, urefu wa mtu, jiti tupu, kishungi juu. Kicheko sijui kilianzia upande gani. Najua mjomba wetu kofia ilimwanguka na hakuiokota.

Mengine haraka haraka. Maziwa baridi, barafu, zahanati ya jirani. Daktari akaangalia koo kama hewa inapita vizuri, akasema uvimbe utashuka wenyewe, akawaita wenzake waje waone. Mjomba akamaliza posa kwa maneno machache ya kawaida, na imekubaliwa. Barua ilianikwa kwanza.

Usiku, barafu mdomoni, nikasoma. Utomvu wa difenbakia una chembe za oksaleti ya kalisi zenye umbo la sindano, ndogo hazionekani kwa macho, zimefungwa ndani ya seli. Ukiuma, seli zinazifyatua kwenye nyama ya mdomo. Magimbi yana hizo hizo, ndiyo maana tunayapika mpaka yaive sawasawa, na shangazi hakuhitaji kitabu. Mani planti zenu nazo ni za ukoo huo huo, kwa hiyo mwenye mtoto anayetambaa au paka mtafunaji apandishe makopo juu. Ukikata, vaa glavu, nawa mikono, usijipikiche macho. Na mtu akivimba koo au pumzi ikianza kubana, msingoje foleni ya Mandela ifunguke, ni hospitali moja kwa moja. Jina la ua lilitolewa kumuenzi Joseph Dieffenbach, mtunza bustani wa kifalme kule Vienna katika karne ya 19. Naamini mzee yule hakushika maua kwa meno.

Faini tumepigwa, hilo mlitarajia: elfu hamsini za kuchafua barua, zimetoka kwangu. Bwana Posa amenihamisha kitengo, harusini nitapanga magari. Aliyerusha video ananisalimia kwa "ua!" kila tukikutana dukani, na mangi naye ameanza. Kisiki nimekisogeza dirishani. Pingili zimelala kwenye mchanga. Kishungi, chenye alama za meno yangu ya mbele, nimekipanda kopo la peke yake na picha yake niliwawekea juzi.

Picha hiyo imefika Kigamboni. Jana shangazi alimpigia simu mjomba: mahari ikija, ije na kile chenye meno, nacho ni sehemu ya faini. Mshenga mwenyewe ndiye akipeleke, ila akibebe kwa mkono.