Kumi za Nini?

Mke wangu hufinyanga vyungu, na alitaka kuvipiga video vikizunguka polepole ili mtazamaji avione pande zote. Mimi, ambaye nikiona mota mdomo haunyamazi, nikamwambia aniachie kazi hiyo. Akakubali shingo upande. Nikakata ubao wa duara, sentimita 40 ukingo hadi ukingo, nikafunga mota chini yake, nikaiunganisha na kisanduku cha kuiendeshea chenye kioo kidogo na vitufe vitatu. Kitabu cha maelekezo nacho kilipata kazi: nilikitumia kuegemezea simu ya kupigia video.

Kasi nilishaipanga kichwani. Mizunguko 10 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kila sekunde 6. Mwendo wa kistaarabu. Chungu kikubwa kikakaa katikati, vikombe vinne vya udongo vikapangwa karibu na ukingo kama vifaranga na mama yao. Nikaandika 10, nikawasha kwa madaha, kidole kimoja, macho kwa mke wangu.

Kikombe cha kwanza sikukiona kikiondoka. Nilikisikia kikifika sakafuni. Cha pili kilitua kwenye goti langu, cha tatu kikajibwaga ndani ya kapu la nguo chafu, salama salimini, na cha nne mke wangu alikidaka bila hata kuinuka kitini. Chungu kikubwa, kwa kuwa kilikaa katikati barabara, kilibaki palepale kinazunguka kama pia.

"Si ulisema polepole?"

"Nimeweka kumi."

"Kumi za nini?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Nikavuta kitabu cha maelekezo, simu ikaanguka kifudifudi. Ukurasa wa tatu, kwa herufi nene kabisa, maana waliokiandika wanawajua watu wa aina yangu: kasi huandikwa kwa radiani kwa sekunde.

Radiani nilizisoma zamani. Chukua kamba yenye urefu wa nusu kipenyo cha duara, ilaze juu ya ukingo wake. Pembe inayofunikwa na kamba hiyo ndiyo radiani moja, kama nyuzi 57.3 hivi. Mzunguko mzima una radiani 2π, yaani 6.28. Kwa hiyo "kumi" yangu ilikuwa radiani 10 kila sekunde. Zidisha kwa 60, gawanya kwa 6.28, unapata mizunguko 95.5 kwa dakika. Nilikuwa nimekosea mara tisa na nusu, na vikombe vilikuwa vimekosewa zaidi, kwa sababu nguvu inayohitajika kukishika kitu kisichomoke kwenye duara hupanda kwa mraba wa kasi. Tisa na nusu mara tisa na nusu ni kama 90. Pale vilipokaa, kila kikombe kilihitaji kushikwa kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya uzito wake. Msuguano wa udongo juu ya ubao ungezitoa wapi nguvu hizo?

Nikapiga hesabu upya, safari hii kwa adabu: 10 mara 2π, gawanya kwa 60. Jibu 1.047. Nikaliandika kiganjani kwa kalamu: 1.05.

Sasa, katika kusoma nikagundua kwamba ukibana kitufe cha kati muda mrefu, kisanduku kinabadili kipimo, kinapokea nyuzi kwa sekunde. Mizunguko 10 kwa dakika ni nyuzi 60 kwa sekunde kamili, namba safi isiyo na desimali. Nikaijaribu, ubao ukazunguka vizuri mno. Ningekomea hapo leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini ile 1.05 nilikuwa nimeitolea jasho, na mtu hatupi jasho lake. Nikazima, nikaandika 1.05, nikawasha.

Kimya. Ubao haukutikisika. Nikainama, nikautazama kwa karibu, nikavua miwani nikaufuta ukungu, nikaiweka ukingoni mwa ubao, mbele yangu kabisa. "Mota imeungua," nikatangaza, nikaenda kutafuta bisibisi.

Dakika tatu baadaye narudi, miwani hakuna.

"Nani amechukua miwani yangu?"

Hakuna aliyejibu. Nikapapasa meza, nikapapasa mifuko. Nikahutubia nyumba nzima kuhusu watu wanaogusa vitu visivyo vyao. Mdogo wetu, miaka sita, alikuwa ameweka kidevu juu ya meza, macho yameganda kwenye ubao.

"Baba, ilipita hapa."

"Ilipita?"

"Sasa hivi iko nyuma ya chungu. Inarudi."

Nikakitazama kiganja changu, kisha kisanduku. Kioo chake bado kilisoma nyuzi. Nyuzi 1.05 kwa sekunde: mzunguko mmoja kwa dakika 5 na sekunde 43. Mota nzima ilikuwa kazini muda wote huo, inachapa kazi kama kinyonga.

Nikanyoosha mkono nyuma ya chungu, mke wangu akaupiga kofi.

"Acha. Simu inarekodi."

Tukavuta viti, tukakaa wote watatu kuisubiri miwani.