Kabla Hujasema Wazungu Wanatupa Wazee Wao

Nikipiga simu nyumbani na kusema nimetoka zamu, lazima mtu adakie: "Wazungu hawana utu, wanatupa wazazi wao!" Wasemaji wakubwa ni wale ambao hawajawahi kumgeuza mgonjwa kitandani hata mara moja. Mimi ndiyo kazi yangu, huku Yorkshire, kwenye nyumba ya wazee. Siafikiani nao.

Zamu inaanza saa moja asubuhi hadi saa moja usiku. Hugusi mtu kabla ya kukabidhiwa habari za usiku: nani hakulala, nani kakataa dawa, kisigino cha nani kimeanza kuwa chekundu, maana kidonda cha kulalia huanza hivyo. Kila mzee ana faili lake, hadi sukari ya chai yake imeandikwa. Kuna bibi mmoja ambaye faili linasema hataki kuogeshwa na mwanamume, basi saa ya kuoga anaingia mwenzangu wa kike. Mimi nampelekea chai. Tangu apate kiharusi hamezi vizuri, kwa hiyo chai inatiwa unga maalumu mpaka inakuwa nzito kama uji, na anainywa kwa kijiko. Ukimharakisha anapaliwa. Huku kengele za vyumba vingine zinalia.

Kumtoa kitandani asiyeweza kusimama ni kazi ya watu wawili na mashine. Unamlaza ubavu huu, unapitisha kitambaa chini yake, unamgeuza ubavu wa pili, unakivuta, unakifunga kwenye mashine, unamwambia "sasa tunakunyanyua", ndipo unabonyeza. Peke yako huruhusiwi, hata awe na kilo 40. Asiyejigeuza anageuzwa, na unaandika saa na ubavu aliolalia. Usipoandika ni kama hukufanya, maana wakaguzi wakija wanaanzia kwenye karatasi hizo.

Sasa twende kwetu Muheza. Mama naye alipata kiharusi, na anayemuuguza ni dada yangu. Hana zamu, hana mashine, hana wa kumkabidhi asubuhi. Anamnyanyua peke yake na mgongo umeshamharibika. Pampasi zikiisha anachana khanga kuukuu. Genge lake alishalifunga. Sisi watoto wa kiume tunasema ni mwiko kumwogesha mama. Sawa, nauheshimu mwiko huo, ila umetufaa mno! Tunatuma hela, halafu kwenye grupu la familia tunaandika "Mungu akulipe dada". Kisha tunajisifu kwamba Waafrika tunalea wazee wetu. Tunalea akina nani? Analea yeye.

Sisemi huku ni peponi. Hapa Uingereza mwenye mali inayozidi pauni 23,250 anajilipia mwenyewe, na nyumba yake inahesabiwa kama hakuna mwenzi wake anayeishi humo. Gharama mara nyingi hupita pauni 1,000 kwa wiki, hivyo nyumba za watu zinauzwa. Wapo wanaotembelewa kila Jumapili, na wapo ambao wageni wao ni sisi tu. Bibi aliyepoteza kumbukumbu anakuuliza mama yake anakuja saa ngapi kumchukua, na unatakiwa umjibu bila kumuumiza, wakati vitanda saba vinakusubiri.

Na sisi tunaowaogesha je? Viza ya watunza wazee ilifunguliwa mwaka 2022. Kuanzia Machi 2024 wanaokuja wapya wakazuiwa kuleta mke au mume na watoto, na Julai 2025 uajiri mpya kutoka nje ukafungwa. Mwajiri akinyang'anywa leseni ya kuajiri wageni, unaweza kupewa siku 60 tu utafute mwingine. Kwa hiyo yupo mama anayemlisha kikongwe hapa, na watoto wake wako Mbagala wanalelewa na bibi yao, naye ana presha na magoti mabovu. Huyo bibi hahesabiki popote kuwa ni mtunzaji.

Nyumbani tunazo nyumba za wazee, Nunge kule Kigamboni, Kolandoto Shinyanga, Sebleni na Welezo kule Unguja, lakini tunazitaja kwa sauti ya chini kana kwamba ni jela. Zanzibar angalau tangu 2016 wanampa pensheni kila aliyetimiza miaka 70, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ndogo, lakini haimuulizi mzee ana watoto wangapi Ulaya.

Sitaki tujenge Sebleni kila kata. Ninachotaka ni kidogo zaidi, na ndicho kilicholeta ugomvi kwenye grupu: dada alipwe mshahara kila mwezi, na apatikane msaidizi wa kushika zamu ya pili. Kaka mkubwa akaja juu. Mtoto alipwe kwa kumlea mama yake mzazi? Hiyo ni laana! Nikamjibu kwamba mimi nalipwa kwa kumlea mama wa mwenzangu, na hela ikiingia M-Pesa hakuna anayeiita laana. Akatoka kwenye grupu, akarudishwa na shangazi. Ubishi ukaendelea mpaka usiku.

Dada alikuwa anasoma yote bila kuandika kitu. Kwenye saa tano hivi akauliza swali moja: huyo msaidizi anaanza lini?