Jani la kwanza lilitua kwenye kofia ya baba mkwe

Kabla hamjaimeza ile habari ya shemeji kwenye grupu la familia, eti nimepuliza miembe yangu dawa ya magugu, sikieni na yangu. Picha ni ya kweli, sikatai. Ila dawa ya magugu sikupuliza!

Shamba langu la Mkuranga mnalijua: mananasi, na kati yake miembe 20 ya kubebeshwa, ina miaka miwili. Siku ile nilikuwa natia mananasi ethefoni. Ikiingia kwenye mmea inatoa gesi ya ethilini, nanasi linashtuka, linatoa ua. Unamimina kidogo kwenye moyo wa nanasi, basi. Bombani ikabaki. Ubahili ukaniwasha: inayolishtua nanasi, mwembe ni nani aikatae? Nikaongeza vifuniko viwili vya dawa (msiniulize kwa nini), nikapuliza miembe yote mpaka ikachuruzika.

Jioni nikapiga simu ukweni. "Shikamoo baba. Jumapili ijayo njooni muone miembe inavyojiandaa kutoa maua."

Wakaja. Baba mkwe kanzu nyeupe, kofia ya vito. Mimi mbele, nahubiri homoni. Tukasimama kando ya mwembe wa kwanza. Upepo hakuna. Jani moja, nusu kijani nusu njano, likaachia tawi lenyewe, likaja taratibuuu, likatua kwenye kofia. Akalitoa kwa vidole viwili. Akaligeuza. Akanikabidhi, kama karani anayerudisha fomu iliyokosewa. Likaanguka la pili. La tatu. Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, akavuta tawi achungulie maua yako wapi.

Pwaaa! Mwembe ukajivua wote. Ukabaki fagio la chelewa lililochomekwa ardhini.

"Ndiyo maua haya, baba?" mama mkwe akaniuliza.

Wewe unayecheka, Mungu anakuona. Shemeji alishatoa simu zamani.

Bwana shamba kaja, kakwangua gome kwa kucha, chini kijani: miti haijafa, itachipua. Kipimo nilizidisha, na ethilini ikizidi majani yanaachia kwenye kikonyo. Tena mwembe mchanga hivyo hata ukitoa maua wenyewe, unayakata ili ukue kwanza. Nikamlipa, yakaisha. Kwenye grupu sasa naitwa Kinyozi.

Jana baba mkwe kapiga, sauti ya chini. Jirani yake ana mti wa mkungu, unamjazia majani uani kila asubuhi. Eti ile chupa, imebaki kiasi gani?

Nimemwambia imekwisha. Iko nusu, chini ya kitanda.