Goti Kuacha Kuuma Si Kupona

Mchezaji anakimbia, anataka kugeuka ghafla, unyayo umeganda ardhini huku mwili umeshazunguka. Goti linalia "pap", anaanguka. Hakuna aliyemgusa. Ligamenti ya msalaba ya mbele, ukanda mgumu unaounganisha mifupa ndani ya goti, ile ambayo wanamichezo huiita ACL, mara nyingi hukatika namna hiyo, bila kugongwa na mtu. Wiki chache zikipita uvimbe unashuka, anatembea bila kuchechemea, anajiona mzima na kurudi uwanjani. Kwangu mimi, huo ndio uamuzi unaoharibu magoti mengi kuliko jeraha lenyewe.

Maumivu ni jambo moja, uimara ni jambo jingine. Kutembea kwenye njia iliyonyooka hakuitaki sana ACL. Kazi yake kubwa ni kuzuia mfupa wa ugoko usiteleze mbele ya mfupa wa paja na kudhibiti goti lisijipinde mtu anapogeuka. Kwa hiyo goti linaweza kukaa kimya kabisa hadi siku mwenyewe atakapokata kona kwa kasi, kisha likafyatuka. Kila linapofyatuka huwa katika hatari ya kuchana meniska, gegedu mbili zenye umbo la mwezi mchanga zinazopokea uzito kati ya mifupa. Meniska ikishachanika, uwezekano wa goti kusagika mapema unapanda.

Tena ligamenti za goti hazifanani. Kuu ni nne: mbili zinapishana katikati ya goti, mbili ziko pembeni. Ile ya upande wa ndani ina damu ya kutosha, na mara nyingi huunga yenyewe kwa kifaa cha kushikilia goti na mazoezi, bila kisu. ACL imezungukwa na ute wa kiungo, na donge la damu ambalo lingeshika ncha zilizokatika halikai. Ndiyo maana simwelewi mtu anayemwambia mwenzake "subiri tu, litajiunga", kabla hata ya kujua ni ipi iliyoumia.

Goti likivimba sana ndani ya saa chache, fikiria damu ndani ya kiungo na umwone daktari. Picha ya eksirei ikiwa safi isikutulize: inaonyesha mifupa, ligamenti haionekani. Mikono ya daktari mzoefu inayovuta ugoko mbele huku goti limekunjwa kidogo hueleza mengi, na MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha hata ligamenti, huthibitisha. Siku za mwanzo misuli hukaza kwa maumivu na kipimo cha mikono kinaweza kupotosha, hivyo omba upimwe tena uvimbe ukishapungua. Kwa wakati huo, pumzisha mguu, uinue, ufunge bandeji isiyobana mno, uweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Kukanda kwa nguvu na maji ya moto kuwekwe kando. Mguu ukiwa wa baridi, umepauka, au unyayo umekufa ganzi, hiyo ni dharura ya saa ileile, kwa sababu mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti unaweza kuwa umeumia.

Halafu linakuja suala la upasuaji, ambalo watu wengi hulichukulia kama ndiyo tiba yenyewe. Mwaka 2010 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya vijana 121 waliokatika ACL. Kundi moja lilipasuliwa mapema pamoja na mazoezi tiba. Jingine lilianza na mazoezi, na upasuaji ukaachwa kwa atakayeuhitaji baadaye. Baada ya miaka miwili makundi hayo hayakutofautiana kwa maana yoyote, na hata miaka mitano ilipofika takriban nusu ya walioanza na mazoezi walikuwa hawajapasuliwa. Sisemi upasuaji hauna maana. Anayetaka kurudi kwenye mchezo wa kugeuka na kuruka, ambaye goti lake linafyatuka licha ya mazoezi, au aliyeumia ligamenti kadhaa kwa pamoja, ana sababu nzito ya kupasuliwa. Ila mazoezi yanamsubiri hata yeye.

Na hapa ndipo ningependa wagonjwa waelezwe bila kufichwa kitu. Daktari kwa kawaida haishoni ACL iliyokatika. Anachukua kano, yaani kamba inayoshika msuli kwenye mfupa, ya nyuma ya paja au ya chini ya kilegesambwa na kuipitisha kwenye matundu aliyotoboa mifupani. Kano hiyo hudhoofika kwanza, mwili unapoijenga upya kwa mishipa na seli mpya, kabla ya kuimarika. Udhaifu huo huja katika miezi ya mwanzo, wakati uleule mgonjwa anapoanza kujisikia vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mtu aliochelewa kurudi mchezoni, hadi kufikia miezi 9, uliambatana na kupungua kwa majeraha mapya ya goti kwa karibu nusu.

Hata miezi 9 peke yake haitoshi. Msuli wa mbele ya paja hunywea ndani ya siku chache baada ya jeraha, na haurudi kwa kukaa. Kwanza goti linyooke lote, kisha nguvu ijengwe kwa uzito unaopanda, kisha kuruka na kutua kwa mguu mmoja. Kabla ya kuruhusiwa, mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu ya mwenzake, kwa kupimwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Kukadiria kwa macho hakusaidii. Kocha anayemharakisha mchezaji kwa sababu fainali imekaribia anacheza kamari na goti la mtu mwingine.

Kinga nayo ipo na haigharimu vifaa. Mpango wa kupasha mwili wa FIFA 11+ huchukua kama dakika 20, una mazoezi ya nguvu, mizani na kutua goti lisilale ndani, na timu zinazoufanya mara kwa mara zimeonekana kupata majeraha machache. Ningetaka timu za wasichana ziwe za kwanza kuuchukua, kwa kuwa katika michezo ileile kama soka na kikapu, wao hukatika ACL kwa kiwango cha mara mbili au zaidi ya wavulana.