Anayelima juu ya maji yenu mnamjua?

Jirani yangu Mjerumani hapa Munich aliingia bafuni kwangu kunawa mikono, akatoka kakunja uso. Kaona ndoo zimejaa maji, zimefunikwa sinia. Akauliza bomba limeharibika nini. Hapana bwana, mimi ni mtu wa Dar, Tabata tu.

Kabla hamjaanza "huyu naye kapanda ndege juzi, leo anatufundisha", ngojeni. Sijaja kusifia bomba la Munich. Na kwa kubana maji, mama zetu hawana mpinzani: ya kuoshea mchele yananywesha mchicha, ya kufulia yanadeki uwani, yanayobaki yanaingia chooni. Mhandisi gani wa huku anaweza hesabu hiyo?

Kinachoniuma ni kingine. Maji mengi ya mji huu yanatoka bonde la Mangfall, kama kilomita 40 hivi, yanateremka yenyewe tangu 1883. Na tangu 1992 shirika la maji la mji linawalipa wakulima wa huko walime bila mbolea za viwandani wala dawa za kuulia wadudu. Yaani mtu wa mjini kakubali kwamba anakunywa kile kinachopita shambani kwa mwenzake, basi amshike mkono.

Sisi wa Dar mto wetu Ruvu unashuka kutoka milima ya Uluguru. Nani pale Sinza anamjua mkulima wa kule? Tunamjua mwenye boza la maji. Tunamjua mama wa kisima, hata kama maji yake ya chumvi sabuni haitoi povu. Oktoba 2022 mto ulipopungua tukaanza mgao, tukatukana kila mtu, kisha mvua ikanyesha tukasahau. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini kwa pamoja ina uwezo wa lita milioni 466 kwa siku, lakini mtambo hauwezi kusafisha maji ambayo hayajafika.

"Sheria ipo!" Ipo, ya mazingira ya mwaka 2004: mita 60 kutoka kwenye chanzo usifanye shughuli. Haya, nenda kamwambie mwenye kishamba kimoja mteremkoni asogee mita 60. Ale nini?

"Wajerumani ni matajiri." Sawa, lakini Kibungo Juu, hapohapo Uluguru, wakulima walishawahi kulipwa wachimbe matuta ya ngazi na kupanda miti ili udongo usiingie mtoni. Tatizo ule ulikuwa mradi, na mradi una mwisho. Sasa tunajenga bwawa la Kidunda kwenye mto huohuo, lita bilioni 190, na mimi najivunia, msinielewe vibaya. Ila milima ikibaki uchi, bwawa hilo litajaa tope.

Mimi ningetaka bili ya maji ya Dar iwe na mstari mmoja wa nyongeza, hela kidogo ya mkulima wa mlimani. Najua mtanitukana, bili yenyewe tayari inauma. Lakini kila kiangazi natuma hela ya boza Tabata, na hiyo hamjawahi kuiita bili.